Nilivunjika mgongo T8, tunataka mtoto. Nianzie wapi?

fundi_wa_pipeline

Habari zenu. Hii kitu nimeiandika na kuifuta karibu mara tano kwa hivyo leo naiposti hivyo ilivyo kabla nibadilishe nia.

Mimi ni fundi wa mjengo, ama nilikuwa. Februari 2021 nilianguka kutoka orofa ya nne hapa Pipeline, mbao tuliyokuwa tumekanyaga ilikatika, nikavunjika mgongo T8, yaani pingili ya nane ya kifua ukihesabu kutoka juu kushuka. Kutoka juu kidogo ya kitovu kwenda chini sihisi kitu. Nililazwa miezi mitano, nikafunzwa kujitoa mkojo na katheta, kujihamisha kutoka kitandani hadi kwa wilichea, kujiangalia vidonda na kioo, kila kitu. Siku ya kuruhusiwa nikamuuliza daktari, simtaji wala hospitali siitaji, je nitaweza kupata mtoto? Akasema shukuru Mungu uko hai, akafunga faili. Mke wangu alikuwa amesimama hapo nyuma yangu ameshika mifuko ya nguo. Hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Sasa miaka imeenda. Kusimama inasimama, ikiguswa inaamka yenyewe hata kama sihisi, lakini kumwaga hakuna, tangu ajali haijawahi kutoka hata tone. Mama mkwe si mtu mbaya lakini juzi ameuliza kwa simu kama mtoto akija hatakuja na miguu kama yangu. Jamaa wa River Road ameniuzia unga wa mizizi wa 3,500, nimekunywa wiki tatu hakuna kitu. Alafu kuna kijana wa jim hapa mtaani ananiambia nidungwe testosteroni ndio mbegu zirudi. Na kliniki moja tuliyoenda, hata kabla nipimwe chochote, tukaambiwa tutafute laki nne na nusu ya IVF, ile yai na mbegu zinakutanishwa maabara.

Naomba mtu anijibu kwa ukweli. Mbegu bado ziko ama zilikufa? Nimechelewa? Na ni lazima iwe IVF?

baba_wendo

Fundi pole sana, na asante kwa kuandika, wengi wetu hunyamaza na hii kitu mpaka nyumba inapoa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wakati wangu nilitafuta mtu wa kunieleza nikakosa.

Toa kwanza hiyo ya mbegu kufa. Korodani hazikuvunjika siku hiyo. Zinaendelea na kazi yake, mbegu moja inachukua kama miezi miwili na nusu kukomaa na hata sasa ukisoma hii kuna zingine zinatengenezwa. Chenye kilikatika ni njia ya habari kati ya kichwa na huko chini, kwa hivyo hakuna wa kuambia manii yatoke. Kwa wanaume walioumia uti wa mgongo ni kama mmoja tu kati ya kumi anaweza kumwaga kwa tendo la kawaida. Wewe uko na wale tisa, nami niko hapo.

Na hujachelewa. Mbegu za mtu aliyeumia hupoteza nguvu mapema sana, ndani ya wiki za kwanza baada ya ajali, alafu zinabaki pale pale. Haziendi zikiharibika mwaka baada ya mwaka. Hiyo ikitoka kwa kichwa chako utalala vizuri.

Sasa kuhusu njia. Iko mashine inaitwa vaibreta ya matibabu, ni ya mkono, unaeza kuishika kama mashine ya kunyoa. Ile iliyofanyiwa utafiti sana inatetemeka mara 100 kwa sekunde na kile kichwa chake kinapiga milimita 2.5 hivi, hizo zinauzwa tu kwa mitandao ya mapenzi nyingi hazina hiyo nguvu. Inawekwa kwa upande wa chini wa kichwa cha uume, pale ngozi inaposhikana. Kwa walioumia T10 kupanda juu inafanya kazi kwa zaidi ya wanane kati ya kumi, kwa sababu ile sehemu ya uti inayoendesha kumwaga iko chini zaidi ya jeraha lao na bado iko hai, inangoja kuamshwa tu, ubongo hauhitajiki. Wewe ni T8. Umesikia lakini? Uko kwa hesabu nzuri.

Mimi ni T5, ajali ya matatu Thika Road 2016. Mara ya kwanza tulifanyia kliniki, daktari, nesi, mimi na mke wangu ameshika kikombe cha sampuli kwa mikono miwili. Presha inapimwa kila dakika. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna. Tukapumzika, wakaangalia ngozi kama imechubuka, tukaanza tena. Hapo ndio tumbo likajikaza lenyewe, mapaja yakatetemeka kama mtu ameoga maji ya baridi asubuhi Limuru, vidole vya miguu vikajikunja, na ikatoka. Mimi sikuhisi. Nilijua kwa kuangalia uso wa mke wangu.

Baada ya kufanya mara tatu kliniki tukaonyeshwa vile tutafanya nyumbani, unatoa kwa kikombe safi, unavuta na sirinji isiyo na sindano, unaweka ndani ya ukeni siku zile za yai. Ilishika mzunguko wa saba. Wendo alizaliwa 2022, ni msichana, anapanda kwa mguu wangu wa wilichea kama ngazi na anatembea kuliko mtu yeyote kwa hii plot. Ulemavu wa ajali haurithiwi, ambia mama mkwe hivyo kwa heshima, hajui tu.

Kwa hivyo hapana, si lazima IVF. Usikubali kurushwa kwa ile ya bei ya juu kabla mtu yeyote hajajaribu ile ya chini.

nesi_wa_uti

Nimefanya kazi na wagonjwa wa uti wa mgongo miaka mingi hapa Nairobi. Baba Wendo amesema vizuri lakini kuna mahali nataka kila mtu anayesoma hapa asimame kwanza.

Kama umeumia T6 au juu yake, usijaribu hii kitu nyumbani kabla ya kufanyiwa kliniki. Mwili ukichochewa huko chini na ubongo hauwezi kutuma amri ya kutuliza, presha inapanda ghafla. Unasikia kichwa kinagonga, uso na shingo vinakuwa vyekundu ama vya moto, jasho linatoka juu ya jeraha, moyo unapiga polepole. Hiyo inaweza kupasua mshipa wa kichwa. Ikitokea unasimamisha kila kitu, unamkalisha mtu wima, unalegeza nguo na mshipi, unaangalia kama kibofu kimejaa. Isiposhuka haraka ni emajensi, mkimbize hospitali. Ndio maana watu wa T6 kupanda wanapewa nifedipine, dawa ya kushusha presha, kama dakika 15 kabla. Na kama mtu anatumia sildenafil ya kusimamisha lazima aambie daktari kwa sababu zote mbili zinashusha presha. Mwenye dawa za moyo za naitreti sildenafil asiguse kabisa.

Fundi wewe T8 hatari yako ni ndogo, lakini mara ya kwanza nenda pia kliniki, kwa sababu herufi iliyoandikwa kwa faili na vile mwili wako unafanya si kila mara vinalingana.

Hiyo ya jim sasa. TAFADHALI usidungwe. Testosteroni ya sindano inaambia ubongo kwamba homoni ziko za kutosha, ubongo unaacha kutuma amri kwa korodani, na mbegu zinaweza kuisha kabisa mpaka zikasoma sufuri. Nimeona kijana amepoteza karibu mwaka akingoja zirudi, na hata hakuwa na shida ya homoni. Homoni zinapimwa kwa damu kwanza. Na huo unga wa River Road weka chini, hujui kuna nini ndani na figo zako zinahitajika.

Chenye kinasaidia kweli ni kibofu. Endelea kutoa mkojo kwa katheta ya kutoa na kutupa, masaa manne mpaka sita, usirudie ile ya kukaa ndani siku zote, utafiti umeonyesha wanaotoa hivyo manii yao ni bora kuliko wale wenye katheta ya kudumu. Ukiwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, yaani mkojo unanuka, una mawingu, miguu inarukaruka kuliko kawaida, tibu kwanza. Na korodani ikivimba upande mmoja usingoje Jumatatu, maambukizi yakikaa huko yanaweza kuziba njia ya mbegu.

fundi_wa_pipeline

Nimesoma hii yote nikiwa nimeshika simu na mikono inatetemeka. Hakuna mtu aliwahi kuniambia hata moja ya hizi. Sindano nimeachana nayo.

Swali, kuna mtu aliniambia ni kukaa kwa wilichea ndio kunapika mbegu, kwamba joto. Ni ukweli? Nimekuwa nikijilaza kwa tumbo mchana masaa mawili kila siku kwa sababu ya hiyo.

wa_maabara_ngara

Hiyo ya kujilaza kwa tumbo endelea nayo kwa sababu ya vidonda, lakini usijitese kwa sababu ya mbegu. Kule Miami, chuo kikuu chao kina programu ya miaka mingi ya uzazi wa wanaume walioumia uti wa mgongo na ndio wamefanya sehemu kubwa ya utafiti wa hii mambo, walipima joto la korodani na wakaona si joto linaloeleza ubovu wa mbegu za hawa watu.

Shida iko kwa maji yenyewe. Walichukua mbegu moja kwa moja kutoka kwa mrija unaozitoa kwa korodani kabla hazijachanganyika na maji ya manii, zikawa zinatembea vizuri zaidi kuliko zile zilizotoka kwa njia ya kawaida kwa watu hao hao. Ndani ya hayo maji kuna seli nyingi nyeupe za damu na kemikali za uvimbe na ndizo zinachosha mbegu. Kwa hivyo ripoti yako ikija usishtuke. Mara nyingi idadi iko sawa kabisa, WHO kwa mwongozo wao wa 2021 wanaanzia milioni 16 kwa mililita na wengi walioumia wanapita hapo, lakini kutembea ndio iko chini, mtu wa kawaida wanataka angalau 42 kwa mia ziwe zinasonga na wewe unaeza pata 20 ama hata chini.

Kitu ingine. Inaweza kutoka na rangi ya kahawia. Nakumbuka jamaa mmoja alikuja na mkewe, kikombe kiko ndani ya koti, akakiinua kwa dirisha akaniuliza, hii ni damu iliyooza? Akaniambia walikuwa karibu kumwaga kwa choo. Ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Tukaweka tone chini ya darubini na mbegu zilikuwa zinasonga, si nyingi, lakini zinasonga. Hiyo rangi inatokea kwa baadhi ya walioumia uti wa mgongo na haimaanishi mbegu zimekufa. Lete tu ipimwe.

Kama unaleta kutoka nyumbani iwe ndani ya saa moja, iweke karibu na mwili isipate baridi, usitumie mafuta wala mate wala sabuni, vinaua mbegu. Ukitoka Pipeline na ile jam ya Outering saa moja inaweza kukuishia hapo ilipokuwa Taj Mall, heri utolee kliniki. Na pimo moja halitoshi, rudia baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine ile ya kwanza baada ya miaka bila kutoa huwa mbaya kuliko zinazofuata.

mama_kwa_subira

Naomba niseme kwa upande wetu wanawake maana mnaongea kikombe na mashine na kuna mtu mwingine kwa hiyo nyumba.

Fundi, mke wako apimwe pia. Mapema. Sisi tulihangaika mwaka mzima na mbegu za mume wangu, T9, vaibreta ilifanya kazi mara ya pili tu, tukafurahi, tukaanza kuweka nyumbani kila mwezi, kumbe mimi mirija yangu moja imeziba na ingine ina shida. Hakuna aliyefikiria kuniangalia kwa sababu wilichea ndio ilikuwa inaonekana. Ile ya kupiga picha mirija ikifanywa mwanzo hampotezi mwaka. Na kama amepita 35 usimngojeshe.

Hizi siku za yai pia si za kukisia. Mzunguko wa siku 28 yai hutoka karibu siku ya 14, lakini wangu ni wa 33 na nilikuwa nahesabu vibaya miezi yote. Kemisti wanauza vile vijiti vya kupima mkojo, vinakuonyesha homoni ikipanda, na yai linatoka kama siku moja ama moja na nusu baadaye. Hapo ndio mnatumia nguvu zenu.

Na kitu kingine, samahani kama nitaandika sana. Mimi ndio nilikuwa namtoa mkojo, namgeuza usiku, napima presha, nashika mashine, alafu nakuwa mke. Kuna usiku mmoja nilikaa kwa ngazi za plot nikalia kwa sababu nilihisi mimi ni nesi tu. Tukakubaliana siku za mashine ni za mashine, na kuna siku zingine hatuguse kikombe, tunalala tu tumeshikana na tunaongea. Muulize mke wako anahisi aje. Alinyamaza mpaka mkafika nyumbani ile siku, sidhani alikosa la kusema.

L1_mtu_wa_rongai

Naongeza kwa wale wameumia chini kama mimi, msisome ya Baba Wendo mkakata tamaa ikikataa. Mimi ni L1, pingili ya kwanza ya kiuno, chini ya zile T zote. Vaibreta tulijaribu mara nne, hakuna, na nilikuwa nimeambiwa kwa T11 kushuka inafaulu kwa wachache sana kwa sababu jeraha limegonga ile sehemu yenyewe.

Hatua iliyofuata ni ile ya umeme. Kuna kifaa kinaingizwa kwa njia ya haja kubwa na kinapeleka umeme kidogo kidogo karibu na tezi dume. Ukisikia hivyo unaogopa, hata mimi niliogopa. Kwa vile bado nahisi kidogo nilipewa nusukaputi, asiyehisi kabisa mara nyingi hahitaji. Hii inafanya kazi kwa karibu kila mtu hata vaibreta ikikataa. Kwangu nje ilitoka kidogo sana lakini walijua, manii yalirudi nyuma kwa kibofu, kwa hivyo walikuwa wamenipa baikaboneti ninywe kabla ndio mkojo usiwe na asidi ya kuua mbegu, wakatoa kile kibofu kilikuwa nacho kwa katheta na mbegu zikapatikana hapo. Kama mtu hajui kuangalia mkojo anakuambia huna mbegu na unaenda nyumbani ukilia bure.

Zilikuwa chache na dhaifu kwa hivyo sisi tulienda mpaka ICSI, ile wanachukua mbegu moja wanaingiza ndani ya yai na sindano. Mtoto wa kwanza wa hiyo njia alizaliwa Ubelgiji 1992 na watoto wa kwanza wa IVF hapa Kenya walizaliwa Nairobi 2006, kwa hivyo si kitu kigeni tena hapa. Ya kwanza haikushika. Ya pili ikashika. Mbegu zilizobaki wamezigandisha. Pesa ilitoka kwa shamba la baba na harambee, sitakudanganya ni rahisi, na ndio maana nakubali kwamba mwenye nafasi ya kujaribu nyumbani ajaribu kwanza.

Kuna daktari mmoja alitaka kunipasua korodani siku ya kwanza tu tulipoingia, mbegu zitolewe huko ndani. Hiyo iko na inasaidia wengine wakikosa njia zote, lakini ukishaenda hiyo njia uko kwa ICSI tu, zile za bei nafuu zimefungwa, kwa sababu mbegu zinazopatikana huwa kidogo. Uliza kila mtu anayetaka kukupasua, tumejaribu vaibreta? tumejaribu umeme?

fundi_wa_pipeline

Sijui niwashukuru aje. Nimemsomea mke wangu zote, za dada mama_kwa_subira nimemsomea mara mbili. Alinyamaza alafu akaniambia ile siku ya hospitali alitaka kumuuliza daktari swali akaogopa atafukuzwa. Tumeongea mpaka saa nane usiku, sijui mara ya mwisho tulifanya hivyo ilikuwa lini.

Leo nimepiga simu hospitali ya Spinal, ile ya walioumia uti wa mgongo, pale Hurlingham nikaulizia kliniki, nimepewa Jumatano. Mke amechukua kalenda ya hadiwea ukutani ameanza kuzungushia tarehe zake na kalamu nyekundu, anasema yake ni siku 29. Nibebe nini?

nesi_wa_uti

Beba ile faili yote, hata ya 2021, na kama una picha za mgongo beba. Orodha ya dawa zote unazomeza, andika hata ule unga wa River Road usione aibu. Katheta zako mwenyewe mbili tatu, na utoe mkojo kabla ya kuingia. Waambie mwanzo kabisa kwamba umekuja kwa sababu ya mtoto, usianze na maumivu ya bega ama kidonda, ukianza na hayo dakika zako zinaisha hapo. Na mke wako aingie ndani na wewe, asibaki kwa benchi.

baba_wendo

Mimi pia niko huko Jumatano asubuhi, nakuja fizio. Nina wilichea ya rangi ya buluu na kofia ya Gor. Ukiniona niite.